Rosaire Kinyozi na Mwito wa Bata Bukini

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Hapana, ngoja. Sabini na nne Rosaire alikuwa bado na meno yake mwenyewe, kwa sababu ndio mwaka aliovunja kokwa kwa magego kwenye harusi ya mpwa wake na watu wakampigia makofi. Haya ninayosimulia yalitokea baada ya meno kuondoka. Basi ni sabini na tano, mwezi wa kumi, majani ya miti ya mepo yamekwisha kuwa mekundu na asubuhi barafu nyembamba inafunika ndoo za maji.

Mimi miaka ile nilikuwa mtu wa njia. Theluji ikianza kuyeyuka nilikuwa msituni nikikinga utomvu wa mepo wa kupikia sukari, joto likija nilikata nyasi za watu, na mwezi wa kumi nilikuwa kijiji cha L'Anse-aux-Joncs, maana mwezi wa kumi bata bukini weupe wanashuka kutoka kaskazini na kutua kwenye tope la mto, na mtu mwenye akili atakuwa wapi kwingine? Nilikaa chumba cha juu, juu ya duka la kinyozi Rosaire Gamache. Kazi yangu hapo ilikuwa kufagia nywele na kusahau yale wateja waliyokuwa wakiyasema.

Rosaire alikuwa mtu mdogo, masharubu makubwa, na shingo ndefu ambayo watu walisema ameipata kwa kukaa sana na bata. Lakini hakuwahi kumuua bata hata mmoja. Bunduki aliipiga mara moja tu ujanani, akaua kofia ya baba mkwe wake, na tangu siku hiyo familia ya mkewe ilimwomba apumzike. Alichojua ni kuita. Alikuwa akikusanya viganja mbele ya mdomo, anatoa sauti, na bata walio mbali kule majini wanainua vichwa. Mteja akiwa katikati ya kunyolewa anasema, "Rosaire, hebu kidogo," na Rosaire anaweka wembe pembeni, anaita, halafu anaendelea na shavu kana kwamba amekohoa tu.

Kwetu Sherehe ya Bata ilianza Ijumaa kwa mashindano ya kuita. Jumamosi ilikuwa gwaride na ngoma ya fidla. Jumapili alfajiri bingwa alitoka mbele ya watu wote mpaka ukingo wa tope, akaita, na bata walipoinuka kwa pamoja, Padri Lachance aliwabariki wakiwa hewani ili wafike salama kusini. Bingwa alipewa bata wa mti, aliyechongwa na wazee wa zamani, akae naye nyumbani mwaka mzima. Huyo bata alikuwa amekaa kwenye rafu ya Rosaire, kando ya chupa za mafuta ya nywele, kwa muda mrefu kiasi kwamba wateja walimtundikia kofia.

Sasa habari ya meno. Kwetu kulikuwa na desturi, vijana wa leo wakiisikia wanashika mashavu. Watu waling'oa meno yote mapema, wengine kabla ya harusi, wawekewe ya bandia, mambo yaishe. Bibi harusi aliingia kanisani na meno mapya kama alivyoingia na gauni jipya. Rosaire peke yake alifika uzee na meno yake, akataniwa kwa hilo maisha yake yote. Basi mwezi wa tisa mwaka huo magego mawili yakamuuma. Akaenda mjini kwa daktari wa meno. Daktari akasema tunatoa mawili. Rosaire, mtu wa kwetu huyo, akafikiri kidogo akasema, "Kwani utaacha mengine yafanye nini? Toa yote."

Akarudi na uso mwingine. Wiki chache baadaye akavaa yale mapya, meupe kama vigae vya bafuni.

Mtu wa kwanza kumjaribu alikuwa Adélard Caouette, muuza nyama, kaka yake Imelda mke wa Rosaire. Adélard alikuwa mshindi wa pili wa mashindano tangu zamani, na alikuwa anafahamika kwa hilo kama mwingine anavyofahamika kwa kigugumizi. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye kiti, kitambaa shingoni.

"Shemeji," akasema, "niitie mmoja tu kabla hujanikata sikio."

Rosaire akaweka mkasi chini, akakusanya viganja. Kilichotoka kilianza kama bawaba ya mlango wa ghala, kikawa mluzi, kisha kitu kikagonga: meno ya juu yamekutana na ya chini.

Adélard akamtazama kwenye kioo. "Huyo ni bata wa wapi?"

"Ni baridi," Rosaire akasema. "Mdomo haujapata moto."

"Aa, baridi. Mimi nilidhani umemkanyaga paka."

Imelda alikuwa mlangoni mwa jikoni, anafuta sahani. Mwanamke mpana, mtulivu, mwenye sauti ambayo hakuwa na haja ya kuipandisha. "Adélard, nyamaza unyolewe. Na wewe, baba, nilikuambia nini? Nilikuambia waache bata wapite kwanza ndipo ung'oe."

"Daktari alisema mwezi mmoja yanazoea."

"Daktari anaita bata?"

Rosaire akachukua mkasi tena. Adélard akasema, kwa upole wa kuudhi, "Usijali, shemeji. Rafu yangu ni pana. Nimeshaipangusa."

Jioni, nikiwa nafagia, Rosaire alikaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo.

"Adélard ana bucha," akaniambia. "Padri ana kanisa. Mimi nina huu mwito. Kunyoa kila mtu anaweza, hata mke anamnyoa mumewe kwa bakuli. Watu wanakuja hapa wakipita mlango wa kinyozi mwingine kule barabarani, unafikiri wanafuata nini? Nikishindwa Ijumaa, watakuja kunyolewa tu."

"Si ndiyo kazi yako?" nikamwuliza.

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyeishi bila nyumba.

Tangu hapo kukawa na mazoezi jikoni kila siku baada ya chakula. Rosaire anasimama kando ya jiko, anaita, meno yanagonga. Imelda anasukuma unga wa pai bila kuinua macho.

"Hapana. Umeshusha mwishoni."

"Sikushusha."

"Umeshusha. Bata anapandisha, kama mtu anayeuliza mlango uko wapi. Rudia."

"Wewe umejulia wapi?"

"Nimelala kando ya bata tangu niolewe, nisijue?"

Nikamwambia, kwa utani, "Basi mwonyeshe, mama."

"Mimi? Nina unga mikononi."

Hakuna aliyewakataza wanawake kuita. Ila siku ya mashindano kulikuwa na supu ya njegere kwa kijiji kizima, na sufuria zile zilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wanawake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa na hakuna aliyeuliza.

Ijumaa ikafika. Bata walikuwa wametua tangu katikati ya wiki, wengi mpaka tope halionekani. Maji yakipwa walitembea wakichimbua mizizi ya matete kwa midomo, na kwa sababu tope letu lina kutu, vichwa vyao vilikuwa rangi ya chai wakati mwili ni mweupe. Kelele zao zilikuwa kama za mbwa wengi waliofungiwa mbali. Ukikaa nazo siku mbili huzisikii tena. Zikiisha ndipo unashtuka.

Mashindano yetu yalikuwa hivi. Waamuzi watatu walikaa nyuma ya shuka iliyotundikwa kwenye kamba, wasione nani anaita, wasije wakampendelea ndugu. Shuka ilikuwa ya Imelda, ya harusi yake, na kila mwaka kulikuwa na mtu wa kusema kwamba shuka hiyo imesikia mengi. Watu wote walisimama upande huohuo wa waamuzi, kwenye sufuria. Waitaji walikuwa upande wa pili, nyuma ya banda la mashua, ambako ubao wa gati unaingia topeni. Kila mmoja alichota kiazi kwenye gunia, kiazi kimechongwa namba. Mwenye gunia nilikuwa mimi, maana mimi sikuwa ndugu wa mtu yeyote. Kwa hiyo kule nyuma alikuwepo anayeita, anayengoja zamu, na mimi. Wengine wakimaliza wanazunguka kwenda kula.

Rosaire alichota namba saba. Adélard alichota nane.

"Mungu ana mpangilio," akasema Adélard. "Wananisikia mimi wakiwa bado wanakuhurumia wewe."

Zamu ya saba ikakaribia, Imelda akaja akizunguka banda, ameshika bakuli la maji ya moto yenye chumvi. "Suuza fizi," akamwambia mumewe. Rosaire akatikisa kichwa, akasema hakuna wakati, akatembea mpaka mwisho wa ubao. Mbele yake tope, bata, mto mpana, na milima ya ng'ambo imeanza kuwa myeupe juu.

Akakusanya viganja. Akavuta pumzi kutoka kwenye visigino. Akafungua kinywa, na meno ya juu yakaruka kama chura, yakapita katikati ya vidole, yakaanguka chini topeni.

Hakuita kitu. Alipiga magoti, akalala kifudifudi ubaoni, akanyoosha mkono chini kuyatafuta. Mimi nilikuwa namtazama. Adélard alikuwa anamtazama. Nadhani kama tungekuwa watu wema tungekwenda kumshika miguu.

Ndipo mwito ukatoka, nyuma yetu. Wa kwanza mrefu, wa chini, ukapanda mwishoni. Halafu wa pili, mfupi, kama anayesema ndiyo, wewe, ninakusema wewe. Kule topeni vichwa vyote vya rangi ya chai viliinuka kwa mara moja. Kelele zikakatika. Halafu wakajibu, wote, na upande wa pili wa banda watu wakaanza kupiga vijiko kwenye sufuria.

Niligeuka. Imelda alikuwa amesimama palepale, anatazama mto kama mtu anayengojea basi. Juu ya paa la banda bata wawili walikuwa wanapita chini kabisa, miguu imening'inia. Sasa apa wewe, ni yeye au ni wao.

Rosaire akainuka, masharubu yamejaa tope, meno mkononi. "Nani huyo?"

"Usiyarudishe mdomoni hivyo," Imelda akasema. "Ni machafu." Akampa bakuli, akarudi kwenye supu.

Adélard aliita, namba nane, na nasema kweli aliita vizuri kuliko miaka yote. Haikusaidia. Waamuzi walitoka nyuma ya shuka wakasema namba saba, na bibi mmoja kati yao alikuwa anafuta macho.

Kabla watu hawajatufikia Rosaire alimshika Adélard mkono ndani ya banda.

"Shemeji, umeona. Waambie."

"Nimeona mtu amelala kwenye ubao. Sijui alikuwa anafanya nini. Sikumwuliza."

"Usinifanyie mzaha leo."

"Sikufanyii." Adélard alivua kofia akaikunja. "Nikisema hukuita wewe, watauliza nani. Nijibu nini? Kushindwa na wewe nimezoea, Rosaire, hata silali vibaya. Kushindwa na dada yangu sijazoea."

"Kwani amesema ni yeye?"

"Hakusema. Na mimi sitamwuliza. Wewe mwulize, ni mke wako."

Watu wakaingia, wakambeba Rosaire mabegani. Alifumba mdomo, na watu wakaona ni furaha. Jumamosi alikaa juu ya gari la gwaride, amempakata yule bata wa mti kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani bila kujua mama atarudi saa ngapi. Usiku fidla zilipoanza hakucheza. Imelda alicheza kila wimbo, na Adélard, na mimi pia alinizungusha mpaka nikatafuta ukuta.

Jumapili alfajiri tulitoka wote na viatu vya mpira mpaka ukingoni. Ukungu ulikuwa juu ya tope, bata ndani yake kama nguo zilizoanikwa. Padri Lachance alikuja na chombo cha maji ya baraka.

"Tayari, Rosaire?"

Rosaire alisogea mbele. Akatoa meno yake, akayafunga kwenye leso, akanipa nishike. Kisha badala ya kuwageukia bata akatugeukia sisi. Bila meno aliongea polepole, lakini kila mtu alimsikia.

"Ijumaa sikuita mimi. Meno yalianguka, nikainama kuyatafuta. Aliyeita ni mwingine, na bata huyu ni wake." Akamwinua yule wa mti. "Ajitokeze, amchukue."

Hakuna aliyejitokeza. Mwanamume mmoja akamtazama jirani yake, jirani akatazama viatu. Adélard alikuwa anachunguza vifungo vya koti. Imelda alikuwa mstari wa nyuma, mikono ndani ya mikono ya sweta, uso umetulia kama maziwa.

"Rosaire, mwanangu," Padri akasema, "umefanya vizuri. Lakini hawa je? Hapa nina maji, na yameanza kuganda."

"Mwito si wangu leo, Padri."

"Baraka nazo si zangu. Ita."

Basi akageuka, akaita, kwa fizi tupu. Ilisikika kama mtu anayepuliza uji. Bata mmoja aliinua kichwa, akatutazama kwa makini, akarudi kwenye mizizi yake. Kisha Rosaire mwenyewe akaanza kucheka, mabega yanatikisika, na baada yake sote, hata Padri aliyejifanya anakohoa.

"Nitawabariki hapohapo chini," Padri akasema. "Mungu anajua walipo." Akawabariki wakiwa wanakula, na hawakuonyesha shukrani yoyote.

Watu wakaanza kupanda kurudi kwenye pai za nyama. Rosaire akapita katikati yao mpaka kwa mkewe, akamwekea bata wa mti mikononi.

"Nishikie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwenyewe aje."

Imelda akambana kwapani kama mkate. Tulipokuwa tumeshafika mezani, migongo yetu mtoni, vinywa vimejaa, ndipo bata wote waliinuka wenyewe. Mngurumo ule ulitikisa vikombe. Hakuna aliyekuwa amewaita. Tukasimama na uma mikononi tukiwatazama wakizunguka, wakijipanga, wakipotea upande wa kusini.

Bata wa mti akarudi nyumba ileile, rafu ileile, kando ya mafuta yaleyale ya nywele. Tofauti ilikuwa kwamba Imelda alimgeuza atazame jikoni, na kofia zikakatazwa.

Wateja waliendelea kuja. Mwanzoni hawakujua waseme nini, na Rosaire alinyoa kimyakimya majira yote ya theluji, na mimi nilisikia kwa mwenye posta kwamba amekonda. Kisha mtu mmoja, sijui nani, akamwambia, "Rosaire, hebu ile ya tope." Akaisimulia, na alipofika kwenye kupiga magoti akaweka wembe chini akapiga magoti kweli, akayatoa meno, akayatupa kwenye beseni. Nilipofika mwezi wa kumi uliofuata duka lilikuwa limejaa mpaka watu wanangoja nje, na wengine walikuwa wamenyolewa wiki iliyopita.

Mwaka huo alikaa nyuma ya shuka, mwamuzi. Adélard ndiye aliyeshinda, hatimaye, akalalamika mpaka Krismasi kwamba bingwa mzima hakukabidhiwa bata, maana bata alikuwa amewekwa kwa mtu asiyejulikana. Imelda walimsihi achote kiazi. Akasema viazi anavyo vya kutosha jikoni. Walimsihi kila mwaka, na kila mwaka alijibu hivyohivyo, na hakuna binadamu aliyemsikia akiita mbele ya watu.

Mimi niliuliza, kwa kuwa sina adabu ya watu wenye nyumba. Nilimwuliza Imelda, akaniongezea supu. Nilimwuliza Adélard, akanipimia soseji ambazo sikuagiza. Rosaire nilimwuliza mwisho, mara ya mwisho aliponinyoa, mkono wake umeanza kutetemeka na redio ikisema mambo ya hali ya hewa. Alinishika kichwa, akakigeuza taratibu kuelekea dirishani, akaendelea kukata nyuma ya sikio. Na swali langu lilikuwa dogo tu. Rosaire, ulipokuwa umelala kifudifudi pale, mkono topeni, na ile sauti ikatoka nyuma yako, wewe uliyelala kando ya mwanamke yule maisha yako yote, uliitambua?